Nailoni Kwenye Kochi la Mama Mkwe

Jioni ile kochi la mama mkwe lililowa tena.

La ajabu ni kwamba mama mkwe mwenyewe alikuwa amelazwa hospitalini tangu asubuhi, dripu ikimdondokea mshipani.

Nilisimama sebuleni, harufu ile kali ikinichoma pua, nikahisi uso unanichemka. Haikuwa hasira. Ilikuwa haya, na haya hiyo haijanitoka mpaka ninapoandika maneno haya.

Mimi ni mkaguzi wa majengo. Kazi yangu ni kuingia katika nyumba za watu na kuwaeleza unyevu wa kuta zao unatoka wapi. Mafundi wananiogopa, na sitadanganya kwamba sipendi waniogope. Fundi akininyooshea kidole kwenye ukuta uliolowa, humwambia: "Usinionyeshe doa. Nionyeshe linakotoka."

Nimelelewa na shule ya bweni. Huko nilifunzwa kutandika kitanda bila mkunjo, kula bila kelele, kusema kweli na kutolialia. Nikawa kiranja. Mpaka leo viatu vyangu nang'arisha mwenyewe, hata kama vinakwenda kukanyaga tope la msingi.

Sasa sikilizeni mtu wa namna hiyo alichokifanya.

Mama mkwe alihamia kwetu baada ya goti kumkatalia ngazi za nyumba yake. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na macho bado yalikuwa yanaona tundu la sindano. Tangu siku ya harusi aliniita "mwanangu". Hakupata kuniita mkwe hata siku moja. Nililizoea neno lile kama mtu anavyozoea paa juu ya kichwa chake: halikumbuki mpaka lianze kuvuja.

Tukampa kochi la mtu mmoja, lililo karibu na dirisha, ili ashone vifungo huku akitazama njia.

Binti yetu, mwanafunzi wa darasa la pili, alikuwa na sungura mchanga, mweupe, mwenye masikio ya kijivu. Muuzaji alituapia ni jike. Binti akamwita Malkia. Malkia alimpenda bibi kuliko sisi sote. Alishinda miguuni pake.

Mara ya kwanza kochi lilipolowa nilidhani ni chai.

Mara ya pili niliinama nikanusa. Niliinuka upesi.

"Mama watoto," nilimwita mke wangu aliyekuwa jikoni. "Mama ana umri gani hasa?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Wewe tangu nikujue hujawahi kuuliza tu."

Kwa malezi yangu jambo la aibu halisemwi, linashughulikiwa. Kule bwenini, aliyelowesha kitanda alitandikiwa nailoni chini ya shuka, kimyakimya. Hakuna kumcheka, hakuna kumtaja. Tuliuona huo ndio ustaarabu wenyewe.

Basi nikaleta kipande cha nailoni nzito, ile ya kufunikia saruji isinyeshewe. Nikapima, nikakata kwa mstari ulionyooka, nikalivalisha kochi, kisha nikatandaza kitambaa safi juu yake. Kazi nadhifu. Nikaketi na gazeti.

Mama mkwe akaja na mkongojo wake, akajishusha taratibu.

Nailoni ikachakarisha.

Akatulia. Akajisogeza kidogo, ikachakarisha tena. Akapitisha kidole chini ya kitambaa, kidole kilichozoea kutambua nguo kwa kuigusa, kisha akakitoa haraka kama aliyegusa pasi ya moto.

Hakuuliza kitu. Nami sikuinua macho gazetini.

Mke wangu aliniwahi chumbani.

"Nailoni ya nini?"

"Kulinda kochi."

"Kulilinda na nani?"

Niliinama kufungua kamba za viatu.

"Mama yangu si mtoto wa bweni lako."

"Ulitaka nimtangaze?"

"Nilitaka umuulize."

Alikwenda kumuuliza yeye. Akarudi macho yamemlegea. Mama yake alikuwa amemjibu, "Achana nayo, mwanangu. Mume wako ana sababu zake."

Baada ya hapo mama mkwe akaanza kukataa chai.

"Nimeshiba, mwanangu."

"Maji basi, mama."

"Baadaye."

Kikombe kilikuwa kinapoa mezani, utando unajitengeneza juu. Mimi nilikiona kikombe kile. Na hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito: nilifurahi. Nilijisemea kwamba mama ni mwelewa, amepokea ujumbe, anashirikiana. Nikajipongeza kwa kulimaliza jambo bila kumvunjia mtu heshima.

Harufu haikukoma, lakini nilisema ni ya zamani, nikaongeza dawa ya kunukia.

Asubuhi moja akaanguka kwenye kijia cha kwenda chooni. Midomo ilikuwa imempasuka. Alimwita mke wangu kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa.

Hospitalini daktari alimfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama.

"Mwili umekauka. Figo zimeanza kulalamika." Akatugeukia. "Nyumbani kwenu hakuna maji?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Afadhali angenizaba kofi.

Kwenye veranda mke wangu alinipa makavu bila kuinua sauti. "Tangu kochi livalishwe nailoni, mama hajamaliza hata kikombe kimoja. Alikuwa anajikausha ili asikuchafulie nyumba."

Nikarudi nyumbani jioni peke yangu kuchukua nguo zake. Ndipo nikakuta kochi limelowa.

Nilipiga magoti. Nikatoa tochi ya kazini, ile ninayomulikia nyufa. Nikafanya kile ambacho ningemfukuza kazi msaidizi wangu kwa kutokifanya: nikakagua.

Juu ya nailoni palikuwa pakavu. Pakavu kabisa, na hapakuwa na doa hata la zamani. Sikuwa nimewahi kufunua kile kitambaa tangu nikitandaze, kwa sababu nilikwisha kutoa hukumu.

Mkojo ulikuwa ubavuni mwa kochi, na kwenye mguu wake, na nyuma, umetapakaa kwa matone yaliyoruka kutoka chini kwenda juu. Alama za zamani zilikuwa zimekauka na kuacha unga mweupe kama chokaa. Mimi, mtu wa chokaa, nilipita mbele ya unga ule kila siku.

Malkia akatoka chini ya meza. Akanizunguka miguu, mara moja, mara ya pili, akivuma kama nyuki aliyefungiwa chupani. Kisha akageuka, akainua mkia, akanirushia suruali.

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku ile methali hiyo niliipata ikiwa bado ya moto.

Kesho yake nikampeleka kwa daktari wa wanyama, binti yangu amembeba kapuni. Daktari, mama mmoja mchangamfu, akampindua chali na kucheka.

"Huyu Malkia wenu ana korodani mbili, na zote ziko kazini."

"Kwa hiyo ni mvulana?" binti akauliza.

"Mvulana aliyebalehe. Dume asiyehasiwa akifika umri huu huanza kuweka alama. Anasema hapa pangu, huyu wangu. Akikuzunguka miguu huku anavuma, hiyo ni posa."

"Anataka kumwoa baba?"

"Baba, bibi na kochi."

Binti alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi niliuliza kama kiboko kingesaidia.

"Ukimchapa atakuogopa, na akiogopa atazidisha. Tumhasi. Mwekeeni beseni lenye majani makavu kwenye kona anayoipenda, ajifunze kwenda haja pale. Madoa myafute kwa siki; hiyo dawa yako ya kunukia haiui harufu yake, inamchokoza tu arudie. Na mvumilie. Akishahasiwa bado atarusha kwa wiki kadhaa mpaka homoni zimwishe mwilini." Akanitazama. "Lakini hukuona kwamba madoa yamepanda? Mkojo wa mtu hushuka, mzee. Huu ulirushwa. Kwani unafanya kazi gani?"

"Ya ofisini," nikajibu.

Ndiyo. Kazi niliyojivunia nusu ya umri wangu niliikana mbele ya sungura aliyelala chali.

Nikaenda hospitalini nimeiandaa hotuba yangu ya kuomba radhi: utangulizi, kiini na tamati. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, sauti imemrudia. Kabla sijavuta kiti, akanishika mkono.

"Mwanangu, nisamehe."

"Mama..."

"Niache niseme, nisije nikaishiwa nguvu. Nimekuharibia kochi. Uzee ni mgeni asiyebisha hodi. Mimi hata sikujua kama mkojo unanitoka, ni nailoni yako ndiyo iliyonijulisha. Na wewe hukunitamkia neno baya. Nilitaka kufa kwa aibu, lakini nilisema, angalau mwanangu kanisitiri."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akadakia. "Wakwe wa kusitiri hivyo siku hizi hawapo. Mshukuru Mungu, dada."

Ukweli ulikuwa ulimini. Ilibaki kufungua kinywa tu.

Nikasema, "Yamekwisha, mama. Usijali."

Nilimsamehe. Mnaelewa? Nilimsamehe mwanamke yule kosa la sungura. Na yule mgonjwa jirani akatikisa kichwa kwa kunistahi, nami nikaipokea ile heshima nikaitia mfukoni.

Nje, mke wangu, niliyekwisha kumweleza habari za sungura, akauliza, "Umemwambia?"

"Tumezungumza. Yamekwisha."

Kila neno lilikuwa la kweli. Shule yangu ilinifunza kutosema uongo. Haikunifunza kwamba mtu anaweza kuujenga kwa matofali ya kweli tupu. Na binti nilimwambia bibi anahitaji utulivu, habari za Malkia tusimchoshe nazo.

Malkia akahasiwa. Tukamwekea beseni lake, tukafuta kochi kwa siki mpaka sebule ikanuka kama kachumbari. Nailoni sikuiondoa. Nilisema dume bado anarusha, kochi lisije likaharibika kabisa. Sababu ilikuwa safi kama viatu vyangu.

Siku mama mkwe aliporudi, nilivaa suruali ya suti. Nilitaka kumpokea kwa heshima.

Akaketi. Nailoni ikachakarisha. Nikaona mabega yake yanajikunja, na nikajifanya kupanga vikombe.

Binti akatoka jikoni mbio, Malkia mbele yake. Sungura akaenda moja kwa moja kwa bibi, akamzunguka, akavuma, akanihamia mimi niliyekuwa nimeinama na sinia, akainua mkia.

Suruali ya suti. Na ubavu wa kochi pia.

"Usiogope, bibi," binti akasema kwa bashasha. "Ataacha tu, daktari kasema. Si mnajua ndiye alikuwa analilowesha kochi lako? Alikuwa anataka kukuoa."

Mama mkwe akaangalia ubavu wa kochi. Akaangalia suruali yangu. Macho ya fundi cherehani, yanayofuata uzi mpaka lilipo fundo.

"Daktari kasema lini, mjukuu wangu?"

"Ulipokuwa hospitali. Nilienda na baba."

Mke wangu aliweka kijiko chini. "Si uliniambia mmezungumza? Kumbe ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mama mkwe akamzuia kwa kiganja. Alikuwa ananitazama mimi tu.

"Siku ile ninakuomba radhi. Ulikuwa umeshajua?"

Ningeweza kusema sikuwa na hakika. Ningeweza kusema madaktari walikataza asishtushwe. Yote yalinijia, yamepangwa vizuri, utangulizi, kiini na tamati.

"Nilikuwa nimejua, mama."

Mama mkwe akaushika mkongojo, akainuka mwenyewe, akaenda kwenye kiti changu, kile cha mezani ambacho hakuna mtu mwingine hukikalia, akakaa.

"Nipe maji."

Nikamletea bilauri. Akanywa yote, polepole, macho yake usoni kwangu. Akaninyooshea bilauri tupu.

"Mengine."

Nikaleta mengine. Nilisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, suruali imelowa, nikisikiliza koo lake likimeza. Sijapata kusikia sauti iliyonihukumu kuliko ile.

Alipomaliza, akaelekeza mkongojo kwenye kochi la dirishani.

"Sasa kaa pale, mkwe."

Mkwe.

Nilikwenda nikaketi. Nailoni ikachakarisha chini yangu, nyumba nzima ikisikia, na hakuna aliyeinua macho kunitazama. Nikaelewa kwa mara ya kwanza kile kimya kina uzito gani kwa aliye chini yake.

Sasa Malkia ametulia. Homoni zimekwisha, beseni analijua, na jina lake binti amekataa lisibadilishwe. Kochi lile nalikalia mimi kila jioni, nailoni yake ikiwapo. Sijaiondoa na sijaambiwa niiondoe. Mama mkwe anakunywa chai yake hadi tone la mwisho. Ananisalimu vizuri, ananiuliza habari za kazi, ananishonea vifungo vikikatika.

Lakini bado ananiita mkwe.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, ukiona doa nyumbani kwako, piga magoti kwanza uone kama limeshuka au limepanda. Na ukishajua, sema siku hiyohiyo, hata kama hotuba haijakamilika. Kosa la kumdhania mama wa watu ningeweza kulisafisha kwa siki. Ni ule msamaha nilioutoa ambao sijui unafutwa kwa dawa gani.