Mlio wa Gari la Kaka

Admin, jina langu baki nalo wewe, maana Sumbawanga ni ndogo na gereji yangu inajulikana. Nina miaka 55, naishi Mazwi na mke wangu, mama yangu mzazi, na mtoto wa marehemu kaka yangu ambaye nimemlea tangu azaliwe. Sasa ana miaka thelathini na moja, ni fundi kunizidi, na ananiita baba mdogo.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kumiminika, kaka aliuza mahindi ya misimu miwili akanunua gari la mbio la kizamani lililokuwa limekufa upande wa Zambia. Jekundu, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba mama aliuliza, "Sasa hili mvua ikinyesha linapita wapi?" Tulilivutia uani tukalifufua kwa miezi minane. Kabureta zilikuwa mbili. Nilizilinganisha kwa kuweka kipande cha mpira wa maji sikioni, moja baada ya nyingine, mpaka zikavuta pumzi sawa. Mlio ule ulikuwa wangu. Watu walisimamisha baiskeli kuusikiliza, na mimi kichwa kikavimba.

Kilibaki kitu kimoja. Gurudumu la nyuma kushoto lilivuja mafuta ya breki, na raba zake tulizoagiza zilikuwa hazijavuka mpaka wa Kasesya. Nikafanya tulichozoea kufanya kwenye malori spea zikikosekana: nikaipinda paipu ya gurudumu lile, nikaigonga nyundo ikaziba. Breki zikabaki kwenye magurudumu matatu. Kwa mwendo wa mjini huwezi kugundua.

Jumapili baada ya misa kaka akasema anakwenda kijijini Mollo kuwaonyesha wakwe zake. Akaniuliza, "Mdogo wangu, breki vipi?" Watu walikuwa wamejaa uani. Niliona aibu kusema bado. Nikamjibu, "Poa kaka, we nenda."

Hakurudi. Ng'ombe walivuka barabara, akakanyaga breki, gari likazunguka na kupinduka. Mkewe alikuwa na mimba ya huyu kijana. Nilipofika pale niliona michirizi ya breki kwenye vumbi ni mitatu, si minne. Niliifuta kwa miguu yangu, watu wakadhani nimechanganyikiwa kwa uchungu. Mwenye ng'ombe, mzee wa watu aliyehamia kutoka Usukumani, alipigwa mpaka akahama na familia yake. Nilikuwepo, nikanyamaza.

Mama alikataa gari kuuzwa. Lilikaa chini ya turubai miaka yote, na sijawahi kuinama chini yake.

Mwaka jana kijana aliomba alifufue kama kumbukumbu ya baba ambaye hakumwona. Ningekataa kwa sababu gani? Wiki iliyopita akaliwasha. Nilikuwa nakunywa chai, nikatoka mbio uani na kikombe mkononi. Mlio ni ule ule. Akanicheka, "Baba mdogo, skrubu zako za kabureta sikuzigusa, nilisafisha tu." Mama akatoka chumbani na mkongojo, akaita jina la kaka, akauliza, "Umerudi?" Tangu siku hiyo kila asubuhi anataka awekewe kiti pembeni ya gari. Mimi sili, silali.

Injini na bodi amemaliza. Sasa ananiambia, "Jumamosi tutoe upepo kwenye breki. Wewe utakanyaga, mimi nitakuwa chini nafungua nati." Mafundi mnanielewa. Gurudumu la nyuma kushoto halitatoa hata tone la mafuta, naye ataifuata paipu kwa vidole mpaka aikute alama ya nyundo yangu.

Paipu mpya ninayo gereji. Naweza kuibadilisha kesho akiwa kazini, siri nikazikwa nayo. Lakini yule mzee na watoto wake wameitwa wauaji kwa miaka thelathini, na kijana ameapa mbele yangu kwamba hatawasamehe. Nami nilimwitikia.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, ila mnishauri. Jumamosi atalala chini ya lile gari na kuniambia, "Baba mdogo, kanyaga." Nikanyage, au niseme kabla?