Betri Nane Juani, Mkula

Apolonia Shigela alianza kwa kuuza karanga stendi ya Bariadi, na kamera yake ya kupigia watu picha aliipata baada ya kuvutana bei na mwenye nayo siku tatu. Kwenye bei alikuwa mgumu, ila betri hakuzifanyia ubahili. Alitaka za alkali, zilizofungwa bado, na tarehe aliisoma mwenyewe. Za bei ya kutupa aliwaachia wenye saa za ukutani. Mpya hakuchanganya na kuukuu. Zilizochoka aliwagawia wateja, maana betri iliyoishinda kamera bado huimbisha redio.

Ndivyo alivyofanya asubuhi ile kijijini Mkula, kwenye msiba wa mzee Maganga. Nne zilizochoka alimpa Joyness, binti wa marehemu. Nne mpya za aina ileile akaziacha mkobani mpaka saa ya kuaga, zisiliwe bure.

Kazi yenyewe ilimtia baridi. Elia, mtoto wa mke wa kwanza, alikuwa amepiga simu kutoka mbali akisema mama yake wa kambo, Eufrasia, amemnyonga baba yake. Waliouosha mwili walisema hawakuona alama yoyote, lakini kwa Elia wote walikuwa wamenunuliwa. Simu pekee yenye kamera ilikuwa imezimika, na umeme haukuwepo.

"Mayu, mama yangu, shingo ionekane," Eufrasia alimwambia kwa sauti ya chini. "Elia asipoiona, mimi mavuno siyafikii nikiwa hai."

Jeneza lilipofunuliwa, Apolonia akaingiza mkono mkobani. Hamna kitu. Joyness akamwambia, bila wasiwasi, kwamba amezikuta zimezagaa mkobani akazianika juani pamoja na zile za redio, zipate nguvu. Kwenye ungo zililala nane, sawasawa kama mapacha.

Apolonia akatia nne. Kamera ikafungua jicho, taa nyekundu ikawaka, ikazima. Mabula, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshashika nyundo.

"Mpiga picha, kaburi halisubiri betri."

Apolonia maisha yake yote hakuwahi kumwonyesha mteja kwamba amekwama. Ukionyesha, bei inaanguka. Akamtazama Eufrasia, aliyeganda kandokando ya jeneza.

"Baba, weka nyundo chini," akasema. "Nimekwama. Betri nzima zimechanganyika na mfu, na bila picha hii huyu mama ataandamwa. Nipe dakika mbili."

Watu wakaguna. Mmoja akauliza kama amekuja kupiga picha au kupiga ramli. Mabula akaishusha nyundo.

Apolonia akachuchumaa penye jiwe la kusagia. Akainua betri ya kwanza urefu wa vidole viwili, akaiachia wima. Ikadunda, ikaanguka. Mfu. Ya pili ikadunda. Ya tatu ikatua kwa kishindo kizito, ikasimama. Moja ikabidi airudie mara tatu. Zilizosimama zilikuwa nne.

Kamera ikawaka, ikatulia. Akapiga uso. Eufrasia akaishusha sanda mwenyewe mpaka mabegani, na Apolonia akasogea, akapiga shingo kwa mbele, kushoto, kulia. Ngozi ilikuwa safi, haina alama. Akaikuza picha kwenye kioo cha kamera, akamwonyesha Mabula kwanza, kisha wale walioguna, mmoja mmoja, mpaka kila mtu akasema kwa kinywa chake kwamba ameona.

Halafu akaichomoa kadi yenye picha, akaifunga kwenye pindo la kanga yake mwenyewe, imsubiri Elia.

"Sasa pigilia, baba."

Nyundo ilipoanza, Eufrasia hakutazama jeneza. Alitazama lile fundo.