Plastiki Mbili Zisizopatana

Hakuwa profesa, wala ile kesho aliyoahidi kwa kila jambo haikuwahi kufika, lakini chuoni wote walimwita Profesa Kesho. Kazi yake ilikuwa kukokotoa kwa kompyuta tabia za plastiki mbili ambazo, ukiziyeyusha pamoja, hukaa kama maji na mafuta: kila moja na upande wake. Wakemia wakaongeza ujanja. Kila molekuli ilipewa kama mkono mwishoni, wa kushika na kuachia. Kwenye joto kali mikono huachia. Ikipoa hushikana, na wagomvi wakishashikana mikono hawana pa kukimbilia. Hesabu zake zilisema plastiki hizo zitajipanga zenyewe, tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu.

Fundi wa maabara, mama mmoja mtaratibu aliyebakiza miaka miwili kustaafu, aliyeyusha, akapoza, akapima kwa eksirei. Vurugu tupu.

Profesa Kesho akarudi kwenye hesabu. Alikaa nazo miezi kumi na minne, akakonda, fundi naye akirudia jaribio na kupata vurugu ileile. Mkewe alimwambia amekuwa mtu wa kupita tu nyumbani, kama msoma mita.

Ijumaa moja, saa kumi alasiri, aliingia maabara akamkuta fundi anazima oveni.

"Mama, unazima? Si inatakiwa ipoe polepole, siku tatu?"

"Mbona nazima kila siku, mwanangu. Asubuhi nawasha tena."

"Nani kakwambia?"

Fundi akaonyesha karatasi mlangoni: *Vyombo vyote vizimwe kabla ya kuondoka.* Chini palikuwa na saini. Profesa Kesho akaisogelea, akaisoma mara mbili. Ilikuwa yake, ya mwaka ule alipokuwa msimamizi wa usalama.

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Ungesema kesho."

Akaibandua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Oveni ikapashwa upya, ikaachwa, ikishuka digrii moja kila saa. Yeye akakaa kando yake siku zote tatu, juu ya kiti kibovu, akiitazama kama mgonjwa. Jumatatu alasiri eksirei ikaonyesha tabaka. Hesabu ilisema kila tabaka lingekuwa na unene wa nanomita kumi na tisa. Eksirei ikatoa ishirini na moja, tofauti ndogo tu. Fundi akampa mkono. Profesa Kesho akaupokea, akaenda kusafisha miwani.

Nyumbani alimweleza mkewe yote, kuanzia molekuli.

"Zitatumika wapi?"

"Bado hatujui. Labda vichujio vya maji."

"Haya. Nawa, ule."

Akala sahani mbili, akasinzia mezani kabla chai haijaja.