Mkono wa Nderitu na Jicho la Reli

Saa moja asubuhi, manyunyu yanaanguka stesheni ya Eldoret, na Nderitu, mkaguzi wa mabehewa, ameinama kando ya behewa la mahindi. Anagusa kasha la ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, kwa mgongo wa mkono, ananusa, anasogelea jingine. Kasha likichemka sana, ekseli hukatika njiani na behewa likaanguka. Kazi ya mkaguzi ni mkono wake, basi.

Lakini mkono huo umekufa ganzi. Uliungua enzi za mkoloni, na sasa hauhisi kitu. Jambo hilo alimficha hata mkewe.

"Ningesema vipi? Nikisema, kazi imeisha," anasema. "Nilikuwa nanusa tu. Oili ikiungua inajitangaza yenyewe."

Juma lililopita mvua kubwa ilinyesha, ikafuta harufu yote. Nderitu alishika kasha, akatia alama ya chaki: salama. Maskini! Nje kidogo ya mji, wahandisi walikuwa wamefunga chombo cha majaribio kando ya reli. Ndani yake mna kipande cha madini, kidogo kama punje ya mchele, kinachoona mwanga wa joto ambao macho yetu hayauoni. Gari la moshi likipita mbio, chombo hupima kila kasha kufumba na kufumbua. Siku hiyo kikapiga kengele. Behewa alilolipitisha Nderitu lilikuwa linakaribia kuwaka.

Gari lilisimamishwa, hakuna aliyeumia. Ila Nderitu alipoulizwa, siri ilitoka, na mwisho wa mwezi huu anaachishwa kazi.

"Siichukii hiyo mashine," anasema. "Bila hiyo ningekuwa nimeua watu. Hapo ndipo naumia."

Kinachomliza zaidi ni shamba. Yeye na wenzake wanachanga kutoka mishahara yao kununua shamba la mzungu huko Kiplombe, na kura ya kugawana vipande bado haijapigwa. Anayeacha kuchanga hufutwa, hana lake.

"Hata hii nyumba ni ya reli, tumeambiwa tutoke," anasema mkewe, Warigia, nyumbani kwao, kwa hasira. "Mbegu za viazi nimeshatenga. Nitapanda wapi, kichwani?"

 

Nderitu amebakiwa na mpango mmoja tu. Kioo cha kile chombo huchafuka kwa masizi, na kikichafuka hakioni. Ameomba apewe kibarua cha kukipangusa. Mhandisi amesema atafikiria.

"Nimemwambia kitambaa nitakuja nacho mwenyewe," anasema Nderitu.