Mabua kwenye Ukuta wa Mama

Hadi leo nikiona mabua yameegemezwa kwenye ukuta wa nyumba, hasira inanipanda. Kwetu Oldonyo Sambu ndivyo wanavyofanya karibu wote. Mahindi yakishavunwa, mabua hupangwa chini ya upenu mpaka yaguse bati, ili mbuzi wa jirani wasiyafikie na wapita njia waone kwamba ng'ombe wa hapa hawatalala njaa. Ukuta wenyewe ni wa mbao! Halafu kiangazi kinakuja na ule upepo wake, kila kitu kimekauka, na watu wazima na akili zao wanachoma malisho ili nyasi mpya ziote.

Mwaka mmoja nilitoka Olasiti, ninakoishi na mume wangu, nikamwambia mama tuhamishe mabua yake. Tukayapeleka kwenye kona ya mbali ya shamba. Tukafyeka nyasi kuzunguka nyumba, tukakata matawi ya chini ya miti, tukafagia mpaka udongo ukabaki mtupu. Baba mdogo, aliyekuwa akiishi peke yake ng'ambo ya uzio, akaja kuchungulia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona mmelinyoa boma la kaka yangu kama kichwa cha mfiwa?"

Nikamweleza kwamba upepo hubeba cheche, na cheche ikikosa cha kushika inakufa. Akacheka, akaenda zake. Tunafundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mtoto anavunjika nini, hakuna anayetuambia.

Moto ulikuja mchana, kabla sijarudi Olasiti, kutoka kwenye malisho ambayo mtu aliyachoma huku upepo ukivuma. Kwetu ulifika kwenye udongo mtupu ukaishia hapo, na cheche zilizoanguka uani tukazikanyaga. Kwa baba mdogo ziliangukia kwenye mabua yaliyoegemea ukuta wake. Yeye alikuwa machungani na ng'ombe wake. Nyumba yake iliteketea tukiitazama, joto halikuturuhusu hata kusogea.

Mama akampokea. Sawa, ndugu ni ndugu. Majirani wakamchangia mabua ya ng'ombe wake. Jumamosi iliyofuata nikaja kuwasalimia, nikayakuta yamepangwa kwenye ukuta wa mama, chini ya dirisha la chumba anacholala, mpaka kwenye bati.

Nikaanza kuyavuta na kuyatupa uani. Baba mdogo akatoka mbio.

"Wewe umeshaolewa! Hapa kwa kaka yangu huna sauti!"

Nikaendelea kuyavuta. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akimpinga shemeji yake, hata pale alipojimegea shamba letu baada ya baba kufa. Nikajua atanyamaza tena, na hasira yangu ikamgeukia na yeye.

"Shemeji," akasema, "kaka yako alishakufa. Humu ninalala mimi. Yaondoe kwanza, ndipo ule."