Tanuri Dogo la Lempi

Lempi Haapala aliendesha basi la shule miaka ishirini na sita mjini Thunder Bay, na hakuna barafu iliyowahi kumtupa mtaroni. Kwa hiyo mwanawe Tauno alipokuja kutoka Toronto akaanza kuzungumzia kuuza nyumba, alimtazama kama alivyozoea kuwatazama watoto waliosimama basi likienda.

"Kaa chini kwanza, mwanangu."

Fundi wa ukaguzi alikuwa amesema wazi: tanuri la kupasha nyumba joto, lililonguruma chumba cha chini tangu Tauno ana meno ya utoto, halitavuka majira mengine ya baridi.

"Basi nunua kubwa, Mama. Kubwa kuliko hili," Tauno alisema. "Siku utakayotetemeka humu ndani, unahamia kwangu. Nyumba inauzwa."

Asubuhi akamleta muuzaji wa matanuri, jina lake Brent. Brent alisimama juu ya mkeka wa mlangoni, viatu vya theluji mguuni, akarefusha shingo kuchungulia sebule.

"Nyumba kama hii, mama, inataka ukubwa uleule au zaidi. Baridi ya huku haina mzaha."

"Baridi naona unaijua. Nyumba yangu je?"

"Nimeuza matanuri mengi sana, mama."

"Hujavua viatu, bwana. Asiyevua viatu hajaingia. Na asiyeingia amepima nini? Pua yangu?"

Tauno alikohoa. "Mama, huyu ni mtaalamu."

"Mtaalamu wa mkeka."

Brent alipokwisha kuondoka, Lempi alitoa karatasi nyuma ya kopo la kahawa. Mwezi Januari, siku ya nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, alikuwa ameketi kando ya tundu la hewa ya moto na saa ya marehemu mumewe Eino mkononi, tangu kifungua kinywa hadi chakula cha mchana. Kila saa moja, tanuri liliwaka dakika ishirini na tano tu.

"Siku ya baridi kuliko zote, lililala zaidi ya nusu saa. Nilale njaa ninunue mvivu mwingine?"

"Lakini, Mama—"

"Baba yako alizijaza kuta hizi pamba ya kuzuia baridi, ukuta mmoja kila kiangazi. Madirisha aliyabadilisha mpaka vidole vikagoma. Aliivalisha nyumba koti. Brent anataka kuiuzia moto wa mtu aliye uchi."

Tauno alikunja karatasi, akaikunjua. "Na ukikosea?"

"Nikikosea nitafunga mizigo mwenyewe. Hutanibeba."

Fundi aliyechaguliwa na Lempi, Denise Bouchard, alivua viatu bila kuambiwa. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kikichungulia. Alipima kila dirisha, akapanda mpaka darini, akaisoma karatasi mara mbili.

"Nani kakufundisha haya, mama?"

"Dereva husikiliza injini."

Wakakubaliana tanuri nusu ya lile la zamani, la aina inayokamua joto kutoka kwenye moshi wake hata moshi ukapoa na kutoka nje kupitia bomba la plastiki tu ubavuni mwa nyumba. Dohani la matofali likastaafu.

Januari ikarudi, na nyuzi zilezile thelathini na nane. Tauno alifika bila taarifa, sanduku tupu mkononi. Alisimama kwenye mkeka akasikiliza. Kutoka chini ulipanda mvumo mwororo, usiokatika.

"Halipumziki kabisa! Limeelemewa, Mama. Twende kabla halijazimika."

"Limepata kazi ya kimo chake. Hivyo ndivyo linavyotakiwa."

"Mama, nakusihi—"

"Vua viatu."

Alivua. Akakanyaga sakafu kwa soksi, hatua moja, mbili, mpaka chumba cha kona, ambako utotoni alilala na kofia kichwani. Aliweka kiganja ukutani, mahali palipokuwa pakifanya ukungu wa barafu; sasa palikuwa pakavu, pana joto. Alikaa huko muda mrefu kuliko upimaji ulivyohitaji.

Aliporudi, kahawa ilikuwa mezani, na mikate mitamu ya iliki ilikuwa bado inafuka. Lempi alikuwa amekwisha kulifungua sanduku la Tauno, anapanga mikate ndani.

"Ya wajukuu," alisema. "Si vizuri kurudi na sanduku tupu."