Waliomalizwa na Ziwa

Tukiwa watoto pale Igogo, mama alituambia kwamba bibi, mzazi wake, alimalizwa na ziwa, na mama mdogo naye vilevile. Hakuongeza neno. Mimi nikaacha kuoga ziwani. Hata nilipoajiriwa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, viwanda hivyo vilipoanza kufunguliwa ufukweni, nilikata samaki nikiwa nimeyapa maji mgongo.

Ndipo uvimbe ukanitokea kwenye titi. Daktari alikata kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa Dar kupimwa. Majibu yaliporudi aliniuliza kama kwetu kuna wanawake waliokufa mapema.

“Bibi na mama mdogo,” nilisema. “Wote walimalizwa na ziwa.”

Aliandika harakaharaka. Nikaongeza, “Sijui walizama upande gani.”

Kalamu ikasimama.

“Dada, hata hili ni ziwa,” akasema, akigusa kifua chake. Akanieleza kuwa kuna urithi unaolala mwilini miaka mingi, na kwa wengine hauamki kamwe. Wangu, alisema, inaelekea umeamka.

Hapo nikakumbuka chumba cha mama mdogo kule Kisesa, kilichonuka dawa, ambacho watoto tulikatazwa kuingia.

Nilimkuta mama akimenya viazi. Nikamuuliza, kwa hasira, kwa nini alitudanganya.

“Sikudanganya,” alijibu bila kuinua macho. “Nilisema ziwa. Sikutaka tu muishi kwa hofu.”

Lakini aliniona nikiyaogopa maji miaka yote ile, akaniacha niyaogope.